Fundi wa Namba Zilizofifia

Fundi hakupenda neno "imekufa". Ukifika mezani kwake na saa ya namba ambayo kioo chake kimebaki kitupu, ukasema imekufa, alikurudishia saa yako na kutazama pembeni mpaka useme upya.

"Sema haionekani," alisema. "Kufa ni habari ya watu."

Miaka ile ya wakimbizi, kwenye njia itokayo Ntobeye kwenda kambini, hiyo ilikuwa habari ambayo kila mtu alikuwa nayo ya kwake. Kwa hiyo watu walisema haionekani, naye akaipokea saa kwa mikono miwili, kama padre anayepokea mtoto wa kubatizwa.

Jina lake silitaji, na sidhani kama wengi walilijua. Sokoni kulikuwa na fundi baiskeli, fundi cherehani na fundi wa kuezeka. Hao walihitaji neno la pili. Yeye alikuwa Fundi, basi. Juu ya meza yake kulikuwa na kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: HAPA TUNALEKEBISHA NA KUONGEZA MWONEKANO. Mwalimu mmoja kutoka Mabawe alimwonyesha kosa la herufi. Fundi alirudi nyuma hatua chache, akakitazama kibao, akasogea mbele, akakitazama tena.

"Lakini kinaonekana?" aliuliza.

Mwalimu akakubali kwamba kinaonekana.

"Basi kazi yangu imeisha."

Alivaa koti la bluu lenye nembo ya shirika moja la misaada mgongoni, ingawa hakuwahi kuajiriwa na shirika lolote. Siku moja gari la wenye koti lao lilisimama na dereva akamuuliza amelipata wapi. Fundi alimwambia kwamba yeye anawaona kila siku wamevaa makoti ya namna hiyo na hajawahi kuwauliza wameyapata wapi. Dereva aliondoka akifikiri.

Wakati huo wilaya ile ilikuwa imejaa vitu vya namba. Zamani saa za namba zilivaliwa na karani wa ushirika na walimu wachache. Wakimbizi tulipoingia, na mashirika yakaingia nyuma yetu, zikaja saa, vikokotoo, vipimajoto na redio za vitufe. Vitu hivyo viliuzwa, vikabadilishwa kwa ndizi na maharage, vikafika mikononi mwa watu ambao hawakuwa na mahali popote pa kuwahi. Mtu alilima tangu asubuhi mpaka jua linapokuwa kali, kama baba yake alivyolima, lakini sasa alijua kwamba kumbe ilikuwa saa nne na robo. Na vitu vyote hivyo vilikuwa na ugonjwa mmoja. Baada ya miezi kadhaa ya vumbi jekundu la huko na jua, namba zilififia.

Kioo kile, Fundi alimweleza kila aliyesimama na hata aliyekuwa anapita, hakina taa ndani. Ni maskini. Kinaomba mwanga wa nje uingie, upenye utando mwembamba uliobandikwa juu yake, ugonge karatasi ya fedha iliyo mgongoni mwake, kisha urudi na habari. Utando ukiungua, habari haifiki. Karatasi ikichafuka, haifiki. Yeye alibandua karatasi ya zamani na kuweka ile ing'aayo ya ndani ya pakiti ya sigara, akafuta kwa pamba miguu ya kioo, pale umeme unapoingilia, na mara nyingi namba zilirudi kweli. Nasema hivi kwa ajili ya haki. Mengine nitakayosimulia yanaweza kumchekesha mtu, lakini ufundi alikuwa nao.

Vioo vyenye taa yake ndani alivichukia. "Kinachojiwakia ni mtu wa majivuno," alisema. "Kinakula betri za watu. Hiki chetu kinakula jua, na jua halina mwenyewe." Aliyasema hayo kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza dagaa. Sijamwona mtu aliyesifu unyenyekevu wa kioo kwa majivuno makubwa kama yale.

Sehemu kubwa ya tiba yake haikuhitaji bisibisi. Alimwambia mteja ageuke.

"Nigeuke nifanye nini?" aliuliza bwana mmoja aliyekuja na mkewe kutoka Keza.

"Umeifunika saa na kivuli chako mwenyewe. Geuka. Inamisha mkono kidogo. Unaona nini?"

"Naona saa tano kasoro."

"Mwanzo ulikuwa unaona nini?"

"Nilikuwa sioni."

"Basi. Weka ndizi pale."

Mkewe hakuridhika. "Yewe Fundi, umetengeneza nini hapo? Umemgeuza mume wangu tu."

"Na wewe nyumbani umejaribu mara ngapi ukashindwa?"

Ndizi ziliwekwa.

Kwetu betri za redio zikichoka huanikwa juani kwenye bati au ungo, na jioni huimba tena kidogo. Kwa hiyo namba za saa zilipofifia, watu walianika saa. Kioo cha namna ile kikipata moto sana huwa cheusi chote, kama sufuria, na watu walimletea Fundi saa nyeusi huku wakilia kwamba walikuwa wanazitibu. Akaanza kutangaza kwamba saa haianikwi, saa inakaa pa baridi. Baada ya siku chache bibi mmoja alifika na saa ya mjukuu wake ikiwa imejaa maji. Ilikosa samaki tu.

"Bibi, nani alikwambia uitie mtungini?"

"Wewe ulisema pa baridi."

"Nilisema kivulini."

"Mtungi wangu uko kivulini," alisema bibi, na hapo Fundi akakosa neno, jambo lililosimuliwa sokoni kwa muda mrefu.

Ndipo akaona watu wanahitaji semina. Mashirika yalifanya semina za vyoo, za kupika kwa kuni tatu tu, za kunawa mikono, na yeye akaita semina ya kutazama kioo. Walikuja wengi ajabu. Alifundisha mwanga unatoka wapi na mkono uinamishwe vipi, na watu wakatulia mpaka mwisho bila mtu kuondoka. Aliposema kama kuna swali, mzee mmoja wa mbele alisimama na kuuliza soda ziko wapi. Hazikuwapo. Semina haikurudiwa.

Lakini lililompa sifa mpaka kambini lilikuwa jambo la miwani. Mkuu wa ghala la chakula, Mzungu mrefu, alikuja na mkalimani wake na kikokotoo ambacho alisema kioo chake kimekuwa cheusi tupu. Fundi akakitazama. Namba zilikuwa safi. Akamrudishia. Mzungu akatazama, akasema ni cheusi. Walirudishiana kile kikokotoo mpaka watu wakaacha biashara zao. Mwishowe Fundi alinyoosha mikono, akamvua Mzungu miwani yake ya giza usoni, polepole, kama anayemvua mtoto kofia kanisani. Mkalimani alifumba macho. Mzungu akatazama kikokotoo, akavaa miwani, akaivua, kisha akacheka sana. Alipohamishwa baadaye alimwachia Fundi ile miwani.

Fundi alikuwa ameelewa kabla ya kuambiwa kwamba ndani ya lenzi zile kuna utando wa jamaa mmoja na ule wa kwenye kioo, na kwamba tando mbili zikikaa kwa kukingamana, mwanga haupiti. Tangu siku hiyo alipima miwani za watu wote, akiitazama saa kupitia kwazo na kuzizungusha. Nyingi zilikuwa rangi tu. Alimpima hata katekista mlangoni mwa kanisa, baada ya misa, mbele ya waumini. "Katekista, yako ni rangi tu," alimwambia. Katekista hakumsalimia mpaka Pasaka.

Na yeye mwenyewe aliivaa miwani ile ya Mzungu tangu asubuhi hadi jioni. Mtu aliyeishi kwa kuwaonyesha wengine namba alivaa kitu kilichozificha. Kila saa ilipofika mezani aliipandisha miwani kwenye paji la uso, akafanya kazi, kisha akaishusha tena ili aonekane.

Mimi sikufika kwake na saa. Wazazi wangu walikufa ng'ambo ya mpaka, mwaka tuliokimbia, nami nilikuwa nimeacha shule darasa la sita kwa sababu mimi ndiye wa kwanza. Tulitoka nyumbani nikiwa na wadogo zangu watatu, tukafika Ntobeye wakiwa wawili. Butoyi, wa mwisho wetu, alipotea mpakani asubuhi ya ukungu. Jirani yetu ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Baadaye nilimwona yule jirani, na mkono wake ulikuwa umeshika ndoo.

Kulikuwa na redio iliyosoma majina ya watoto waliopotea, kila alasiri, kwa lugha yetu. Nilichukua baiskeli ya baba tuliyovuka nayo nikaibadilisha na redio. Mama wa hapo Ntobeye aliyetupa pa kulima hakunificha alichofikiri.

"Baiskeli ingebeba ndizi. Hiyo itabeba nini?"

Ilikuwa redio ya vitufe, bila mshale wa kuzungusha, na stesheni iliijua kwa namba kwenye kioo. Kabla ya mwezi kuisha kioo kikafifia. Nikaipeleka kwa Fundi, naye akaifungua palepale na kufurahi.

"Hii ni kazi," alisema. "Hii iache kwangu."

"Shikamoo Fundi. Sauti ipo?"

"Marahaba. Sauti si tatizo. Tatizo ni namba."

"Mimi sitafuti namba. Namtafuta mdogo wangu."

Alikasirika kidogo, kama mpishi uliyemwambia umefuata chumvi tu. Nilikaa chini kando ya meza, na alasiri ilipofika nikamwambia awashe. Redio ilikuwa imebaki palepale kwenye stesheni. Majina yakasomwa: mtoto fulani, kilima fulani alikotoka, anamtafuta fulani, yuko mahali fulani. Fundi aliacha bisibisi. Hakuishika tena mpaka jina la mwisho.

Kesho yake nilirudi, na siku zilizofuata. Nililima asubuhi, nikawaachia wadogo zangu viazi, nikaja. Wanawake wengine waliopotelewa wakasikia, nao wakaja. Meza ya Fundi ikawa mahali. Yeye, bila shaka, alijifanya ndiye anayeyasoma majina. Aliwanyamazisha watu, akapanga nani akae wapi, akamfukuza muuza karanga kwa kosa la kutafuna. Betri alizitoa yeye, na hakuwahi kuzisemea.

Kisha mtangazaji akasema kwamba kuanzia Jumapili watahamia namba nyingine. Jumapili ile tulibonyeza vitufe kama vipofu. Tulipata muziki, tulipata wahubiri, tulipata watu wanaogombana kwa lugha isiyojulikana. Saa ya majina ikapita. Mama mmoja aliyekuwa na watoto wawili wasiojulikana walipo aliinuka, akakunja kanga yake, akaondoka bila kuaga.

Fundi alikaa. Utando wa kioo ulikuwa umeungua, na huwezi kuukata kwenye pakiti ya sigara. Akavua miwani ya Mzungu. Aliitazama kwa muda kama mtu anayemtazama ng'ombe wake wa pekee, kisha akaing'oa lenzi moja na kuanza kuikwangua.

Mara ya kwanza aliuweka utando vibaya, namba zikatoka nyeupe juu ya weusi.

"Huu ndio mtindo mpya," alisema.

"Fundi, hazisomeki."

"Hazisomeki kwako."

"Nisomee wewe basi."

Alijaribu. Alizungusha redio kila upande, akapanda hata juu ya kigoda. Kisha akaketi, akautoa utando, akaugeuza. Namba zikasimama nyeusi, nzito, kama zimeandikwa kwa makaa. Aliita soko zima lije kuona. Kwa miezi iliyofuata alitembea na miwani yenye lenzi moja, na aliyethubutu kucheka aliangaliwa kwa jicho lile lililo wazi.

Siku Butoyi aliposomwa mimi sikuwapo. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, njia ikawa utelezi, watu hawakuja. Nilikuwa shambani nikiwahi palizi. Nikaona koti la bluu linapanda kilima, nikadhani ni watu wa shirika. Alikuwa Fundi, ambaye hata kanisani alichelewa kwa sababu hakupenda kutembea, na matope yalimfika magotini.

"Amesomwa," alisema.

"Nani?"

"Butoyi. Anamtafuta dada yake mkubwa. Wametaja na kilima chenu, nimesikia."

"Yuko wapi?"

Fundi alifungua mdomo. Akanitajia namba ya stesheni, yote, mpaka ile ndogo ya mwisho.

"Sikukuuliza namba. Yuko wapi?"

"Binti yangu," alisema, na sasa sauti yake haikufika kwa muuza dagaa yeyote, "mvua ilikuwa imekatika, jua likatoka safi kabisa. Namba zilikuwa zinaonekana vizuri mno. Nikainamisha kidogo nione kama zinaonekana na ubavuni."

Sikupiga kelele. Nilimaliza tuta nililokuwa nalima, kwa sababu jembe lile lisingepata udongo, lingempata yeye. Alinisubiri mwisho wa tuta, amesimama kwenye matope. Nikamwambia aende akasikilize.

Akasikiliza. Kesho yake nilikuta amebandika plasta ya zahanati juu ya kioo cha redio, kile kioo alichokitolea jicho la miwani yake, hakuna namba hata moja inayoonekana. Alasiri ilipofika aliinamisha kichwa mpaka sikio likagusa redio. Wateja walikuja na saa zao akawaambia haoni kazi leo. Majuma yakaenda. Majina hurudiwa, kila mtu aliniambia, subiri tu, nami nilikuwa nasubiri, ila sikulala vizuri nikifikiri kwamba huko aliko wamemwambia amesomwa redioni na sasa anatazama njia.

Jina lake liliporudiwa tulikuwapo wote. Butoyi, kilima chetu, anamtafuta dada yake mkubwa, yuko kituo cha watoto Biharamulo. Fundi alitamka "Biharamulo", akamwambia kila aliyekaa pale alitamke, mmoja baada ya mwingine, kama watoto wa katekisimu. Nilipanda lori la maharage. Butoyi alitoka nje ya kituo ameshika sahani yake, na hakutaka kuiacha hata kwenye lori. Hakuniambia lolote kuhusu siku alizokaa pale. Nami sikumuuliza. Tulikuwa na shamba.

Baadaye kambi zilipungua, magari yakaondoka na makoti yake, na soko la njiani likarudi kuwa njia. Zikaja simu, kwanza za vioo vya kijivu, kisha zenye taa. Siku moja niliambiwa Fundi amehama. Sikujua alikokwenda.

Nilimwona miaka mingi baadaye, Biharamulo, karibu na stendi. Nilikuwa nimemsindikiza Butoyi ukweni kwake, amembeba mtoto wake wa kwanza mgongoni. Kwenye kibanda cha vijana watengeneza simu alikuwa ameketi mzee mmoja kwenye kiti cha plastiki, akitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Vijana wameinamia vioo vinavyowaka, hawamtazami.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mimi wa redio. Ntobeye."

Aliinuka. Alinishika mikono yote miwili, kisha akamwona Butoyi, nikamwambia ni nani. Basi ikawa sikukuu. Aliwageukia vijana, akaanza kusimulia: redio, utando, lenzi ya Mzungu, majina. Alisimulia vizuri kuliko mimi. "Nikamsikia huyu," alisema, akimwonyesha Butoyi kwa kiganja kilichofunguka, "nikapanda kilima, nikamwambia dada yake yuko Biharamulo, na siku ileile alikuwa kwenye lori."

Kijana mmoja alisema, "Ehe, mzee," bila kuinua kichwa.

Nilikuwa tayari kumwachia. Kilikuwa kitu kidogo kumpa mzee. Lakini Butoyi hakulelewa na mimi ili anyamaze.

"Baba," alisema, "haikuwa siku ileile. Waliniambia nimesomwa. Nikangoja. Kisha wakaniambia hakuna mtu anayekuja."

Mtoto mgongoni alijinyoosha akatulia tena. Nilidhani atamtajia namba ya stesheni.

"Mnasikia?" aliwaambia vijana, kwa sauti yake ya semina. "Ndiyo maana kila siku nawaambia, mtu akiongea usitazame kioo."

Vijana wakacheka, maana ni kweli alikuwa anawaambia. Yeye hakucheka. Akanyoosha mkono akachukua simu ya wa kwanza, akailaza kifudifudi mezani, akachukua ya wa pili, mpaka meza ikawa giza. Alimpisha Butoyi kiti chake cha plastiki, akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Haya, mama," alisema. "Ulingoja vipi? Sema."

Butoyi alinitazama, kisha akamtazama yeye. Akamshusha mtoto, akanipa. Akaanza na sahani: nani alimpa, na kwa nini alilala nayo. Niliyasikia pale, kando ya stendi, nimembeba mwanawe, na mengi nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.